Mkoromo Unaokatika na Sukari Isiyoshuka

Mkoromo wa mwenye nyumba ni jambo la mzaha katika jamaa nyingi. Watoto huuigiza, wageni huutania asubuhi wakati wa chai, na mwenyewe huukana kwa kuwa hakuusikia. Wako hata wanaoutaja kwa sifa, wakidhani kwamba akoromaye sana ndiye alalaye sana. Lakini mke aliye ubavuni pake huwa na habari nyingine. Yeye husikia mkoromo ukipanda, kisha ghafla kimya. Kifua chahangaika na pumzi haiingii. Zapita sekunde kumi, ishirini, pengine thelathini. Halafu mume hushtuka kama mtu aliyeibuka majini, akavuta hewa kwa kishindo, akaendelea kukoroma. Kukicha hakumbuki lolote.

Hali hiyo matabibu huiita apnea ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea na ulimi hurudi nyuma. Kwa mwenye shingo nene, taya dogo au mafindofindo makubwa, njia ya hewa huweza kujifunga. Kila pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa, na hata inapopungua sana bila kukatika kabisa. Mikatiko ikifika 5 kwa saa maradhi husemwa kuwa yapo. Ikifika 30 huwa ni makali. Mwenye kulala saa 7 katika hali hiyo ya mwisho hupatwa na mikatiko zaidi ya 200 kabla ya kupambazuka.

Mwili haukubali kufa kimyakimya. Shingoni, pale mishipa mikubwa ya damu iendayo kichwani inapogawanyika, pana vinundu vidogo ambavyo kazi yake ni kupima oksijeni iliyomo katika damu. Oksijeni ikipungua, vinundu hivyo hupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo huliamsha lile fungu la neva linaloutayarisha mwili kukimbia au kupigana. Moyo hupiga mbio, mishipa ya damu hubana, shinikizo hupanda, na tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Ndiyo hali ya mtu aliyekutana na chui njiani. Tofauti ni kwamba huyu hukutana na chui mara mia mbili kwa usiku mmoja, naye yu kitandani.

Ajabu zaidi ni kuwa neva hizo hazitulii hata jua likichomoza. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitangaza matokeo ya kupima mwendo wa neva kwa sindano nyembamba iliyochomwa mguuni. Kwa wagonjwa wa apnea waliukuta uko juu kuliko wa watu wenye afya, hata walipokuwa macho na wakipumua vyema. Hapo ndipo penye sababu mojawapo ya shinikizo la damu linalokaidi dawa.

Sasa yaja habari ya sukari. Aliyekutana na chui huhitaji nguvu za kukimbilia. Kwa hiyo ini hufungua ghala lake na kumimina sukari katika damu, na insulini, ambayo huiingiza sukari katika misuli, hupunguziwa nguvu zake. Mtu anayekimbia kweli angeitumia sukari hiyo. Aliyelala haitumii, nayo hubaki ikizunguka. Tena kuvunjwa kwa usingizi peke yake kwatosha kuleta madhara. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 9 wenye afya, wakawapigia sauti kila walipozama katika usingizi mzito. Sauti ya kuwapandisha juu kidogo tu, isiyowaamsha wala kuwapunguzia saa za kulala. Baada ya siku tatu, uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulikuwa umepungua kwa kiasi cha robo. Na hao walikuwa vijana wazima.

Basi atazamwe mgonjwa wa kisukari wa makamo. Ameacha sukari katika chai, amepunguza ugali, anameza vidonge kwa saa zake. Na bado kipimo cha asubuhi chatoka juu. Nyumbani aanza kushukiwa kwamba hula kwa siri. Kopo la sukari lafichwa, maneno makali yapita, naye hana la kujitetea. Pengine hakuiba chochote. Kliniki huulizwa habari za sahani yake, mara chache huulizwa habari za usiku wake, ingawa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliwahimiza madaktari tangu 2008 wauangalie uhusiano wa maradhi haya mawili. Kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo nako huhesabiwa kuwa ni kazi ya sukari pekee, hali apnea nayo huleta jambo hilo hilo. Huko Birmingham, Uingereza, utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa uharibifu wa neva, ule wa ganzi na moto nyayoni, ulionekana zaidi kwa wagonjwa wa kisukari wenye apnea.

Mashine ya kusukuma hewa puani kwa shinikizo dogo ilitangazwa mwaka 1981 na daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia. Huzuia koo lisijifunge, na usingizi wa mchana hupungua. Jambo kubwa hilo kwa dereva. Kwa upande wa sukari matokeo yamekuwa ya kuchanganyika, hasa kwa wanaoivua usiku wa manane. Haiondoi haja ya dawa, bei yake ni kubwa, na yahitaji umeme. Lakini kupunguza uzito, kuacha pombe ya jioni na kulala ubavu hakuhitaji umeme. Wako wanaoshona mpira mdogo mgongoni pa fulana ili mlalaji asigeuke chali. Ni dawa ya kuchekesha, nayo huwafaa baadhi yao.

Anayekoroma hawezi kujishuhudia. Yafaa mke amfuate mumewe kliniki akiwa na hesabu ya usiku mmoja aliyoiandika kwa saa ya mkononi, au sauti iliyonaswa kwa simu. Shida iko kwa mwanamke mwenyewe. Baada ya kukoma hedhi hatari yake huongezeka, na mara nyingi hakoromi kwa kishindo. Hulalamika uchovu na kichwa cha asubuhi, akaambiwa ni kazi nyingi. Kwa mjane alalaye peke yake, huenda mjukuu anayelala chumba kimoja naye ndiye wa kuulizwa.