Udi na Ubani: Namna Ifaayo ya Kufukiza

Mtu apitaye jioni penye maduka na migahawa ya Wasomali na Waethiopia huko Kakuma hulakiwa na harufu nzuri kabla ya kulakiwa na mwenyeji. Kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa hapo mwaka 1992 imeleta watu ambao kwao kumkaribisha mgeni pasipo mafusho ni upungufu wa heshima.

Wengi hudhani udi na ubani ni kitu kimoja. Sivyo. Udi ni mti, ubani ni utomvu. Udi hutoka Asia, kama vile Assam katika Bara Hindi, Kambodia na Indonesia. Mti ulio mzima hauna thamani ya manukato. Ule ulioingiwa na ukungu ndiyo hujikinga kwa utomvu mzito, na moyo wake hugeuka mweusi. Ubani hupatikana papa hapa Turkana, katika miti ya jamii ya Boswellia, nao huokotwa gomeni unapojitokeza wenyewe.

Atakaye kufukiza na awashe makaa nje, ayaache mpaka yavikwe majivu meupe, kisha ayatie katika chetezo chenye mchanga chini. Kipande cha udi kisizidi ukucha wa kidole gumba, nacho kiwekwe kando ya kaa. Udi hutoa harufu yake ukipashwa moto polepole. Ukiungua, hutoa moshi mchungu tu.

Lakini makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na manukato hayaiondoi. Kwa hiyo chetezo kisiachwe kamwe katika chumba kilichofungwa ambamo watu wamelala, hasa mama na mtoto mchanga. Tena nyumba za makuti ya mikoma hushika moto upesi, na upepo wa Turkana haungoji maji kuletwa.

Udi wa kweli ni ghali, na tangu mwaka 2005 biashara ya kimataifa ya miti yote ya jamii ya Aquilaria imo chini ya vibali. Ule uuzwao rahisi mara nyingi ni vipande vya mti mwingine vilivyorowekwa mafuta. Mwenye fedha chache, awe Lodwar au Kakuma, heri anunue ubani wa nchi yake: hatadanganywa, na shilingi yake itafika kwa mchungaji aliyeuokota.