Binti Anataka Kuwa Dispacha wa Ndege: Je, Tuuze Shamba?

Mwezi huu tutazungumza juu ya kazi ambayo wengi wetu hatukuisikia tukiwa shuleni. Katika kikundi chetu cha akina mama, mwenzetu mmoja wa upande wa Kabuku ameleta swali zito. Binti yake amemaliza kidato cha sita na anataka kusomea kazi ya dispacha wa ndege. Baba watoto yuko tayari kuuza ekari mbili za michungwa ili alipe ada. Mama huyu anauliza mambo matatu: kazi hii ni ya namna gani, ajira zake zipo kweli, na je, ni busara shamba liuzwe?

Mimi ni muuguzi, si mtu wa ndege. Lakini swali la mtoto asomee nini na kwa fedha ipi linagusa kila nyumba, na kuuliza si ujinga. Yafuatayo yatawasaidia wazazi wote wawili kukaa chini na binti yao na kuamua kwa pamoja.

KAZI YENYEWE

Sisi wa Segera tunayajua mabasi. Dereva wa basi la Arusha akifika njia panda hapa, anajua mwenyewe kama mafuta yanatosha, kama barabara imekatika mbele kwa mvua, na kama mzigo umezidi. Rubani wa ndege ya abiria hafanyi hesabu hizo peke yake. Yuko mtu aliyekaa ofisini, chini, ambaye saa kadhaa kabla ya safari amekwisha kuandaa mpango wa safari nzima. Huyo ndiye dispacha, au kwa jina rasmi afisa uendeshaji wa safari za ndege.

Dispacha husoma taarifa za hali ya hewa za kiwanja cha kuondokea, cha kufikia na cha akiba. Husoma matangazo ya viwanja: taa zipi hazifanyi kazi, njia ipi ya kurukia imefungwa. Hutazama uzito wa abiria na mizigo, kisha hupiga hesabu ya mafuta. Ndege inapokuwa angani huifuatilia hadi itue, na hali ikibadilika humpelekea rubani habari.

Hesabu ya mafuta ina mafungu yake. Kuna mafuta ya kutembea uwanjani, mafuta ya safari yenyewe, na nyongeza ya dharura ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya mafuta ya safari. Kuna mafuta ya kufika kiwanja cha akiba iwapo kile cha kwanza hakitulikiki, na juu ya hayo akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za injini za tabaini. Tuseme safari inahitaji kilo 2,000. Nyongeza ya asilimia 5 ni kilo 100. Ukizidisha mafuta ovyo, uzito unapanda na mizigo ya watu inaachwa. Ukipunguza, umecheza na roho za watu. Ni kama sisi tunavyopima dozi ya mtoto kwa kilo zake: hakuna kukisia.

Viwanja navyo havilingani. Dar es Salaam iko karibu na usawa wa bahari, lakini Kilimanjaro uko kiasi cha mita 890 juu, na Mwanza zaidi ya mita 1,100. Hewa ya juu ni nyepesi, na siku ya joto huwa nyepesi zaidi, hivyo ndege huhitaji mwendo mrefu zaidi kabla ya kuruka. Dispacha lazima ayajue hayo yote.

Hata saa zake ni tofauti. Dunia nzima ya ndege hutumia saa moja ya kimataifa, ambayo sisi tumeitangulia kwa saa tatu. Tunaposema saa tisa mchana, saa ya ofisi za serikali inasoma 15:00, na dispacha anaandika 12:00. Binti atakayechanganya hizo tatu atawachanganya wengi.

Kwamba hali ya hewa na maandalizi si mchezo, hatuhitaji kukumbushwa mara mbili. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walikufa. Simtaji mtu wa kulaumiwa. Nasema tu kwamba anayechagua kazi hii anachagua dhamana.

MASHARTI YA KUINGIA

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limeweka viwango ambavyo nchi nyingi huvifuata. Umri wa kupata leseni usipungue miaka 21. Mwombaji afaulu sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa njia, uwezo wa ndege, uzito na mizani, mawasiliano ya redio na mengineyo. Kwa hiyo binti mwenye Hisabati, Fizikia au Jiografia nzuri, na Kiingereza cha kusoma na kuandika bila kubabaika, ana mwanzo mzuri. Viwango hivyo havidai cheti cha afya kama kile cha rubani, kwa hiyo mwenye miwani asikate tamaa.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wazazi wengi wanapoumia. Kusoma kozi iliyoidhinishwa hakutoshi. Viwango hivyo vinataka mwombaji awe amefanya kazi chini ya usimamizi wa dispacha kwa siku za kazi zisizopungua 90, ndani ya miezi sita kabla ya kuomba leseni. Sisi wauguzi tunaelewa maana yake. Mwanafunzi aliyefaulu darasani bila kukanyaga wodini hakabidhiwi mgonjwa. Chuo kinaweza kumpa binti cheti kizuri chenye muhuri, naye akarudi nyumbani bila leseni kwa sababu hakupata kampuni ya kumpokea kwa siku hizo 90.

Basi swali la kwanza kwa chuo chochote lisiwe ada ni kiasi gani. Liwe hili: mwanangu atafanyia wapi mafunzo ya kazini, na makubaliano hayo yako wapi kwa maandishi?

Swali la pili ni kama kozi hiyo hasa imeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Msikubali kuambiwa chuo kinatambulika tu. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya kozi moja na kukosa ya nyingine. Dar es Salaam kuna Chuo cha Usafiri wa Anga kilicho chini ya TCAA, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT. Nairobi, eneo la Embakasi, kuna East African School of Aviation, ambacho ni cha siku nyingi. Ulizeni kila kimoja kozi ya mwaka huu ipo au haipo, kisha rudini TCAA kuhakikisha.

Kuna pia kozi za Marekani ambazo vijana huziona kwenye simu zao. Huko sheria inataka mafunzo ya saa zisizopungua 200, na cheti hutolewa kwa aliyetimiza miaka 23. Huko dispacha na rubani wanabeba dhamana pamoja, na safari haianzi bila wote wawili kukubaliana. Nchi nyingine dispacha ni msaidizi wa rubani, na nchi nyingine haidaiwi leseni kabisa. Kwa hiyo cheti cha nchi moja si lazima kikubalike nchi nyingine. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, ulizeni TCAA kama watakipokea.

AJIRA ZIKO WAPI?

Nawaambia ukweli: nafasi ni chache. Hospitali moja ya wilaya huhitaji wauguzi wengi, lakini kampuni ya ndege yenye ndege kadhaa huendeshwa na madispacha wachache wanaopokezana zamu. Kampuni nazo hupanda na kushuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la East African Airways lilikufa, na kila nchi ikaanza upya. Fastjet Tanzania ilianza kuruka mwaka 2012 na ikasimama mwaka 2018. Kwa upande mwingine, Air Tanzania iliyokuwa hoi ilipokea ndege mbili aina ya Q400 mwaka 2016, kisha Dreamliner mwaka 2018, na ndege ya mizigo mwaka 2023. Ndege zikiongezeka, na nafasi huongezeka, ila kidogo kidogo.

Mbali na mashirika makubwa, kuna kampuni ndogo zinazopeleka watalii mbugani na visiwani. Huko mtu mmoja hufanya kazi tatu: mpango wa safari, karatasi ya uzito na ratiba ya marubani. Mshahara huenda usiwe mkubwa, lakini binti hujifunza haraka. Mashirika ya Ghuba, yale ya Dubai, Doha na Muscat, yanavutia vijana, lakini kwa kawaida hutafuta watu wenye uzoefu. Ghuba iwe hatua ya pili au ya tatu.

Jihadharini na jina. Katika matangazo mengi, dispacha ni yule anayesimama kando ya ndege uwanjani akisimamia upakiaji wa mizigo, usafi na muda wa kuondoka. Hiyo ni kazi ya heshima, lakini si ile yenye leseni tuliyoieleza. Binti asome majukumu yaliyoandikwa, asisome kichwa cha tangazo tu.

Hata hivyo, kazi hiyo ya uwanjani inaweza kuwa mlango. ICAO inakubali njia nyingine badala ya kozi: kufanya kazi ya msaidizi katika uandaaji wa safari kwa mwaka mmoja, na siku zile 90 zikiwa palepale. Kijana aliyeanza kwenye mizigo, kaunta ya abiria au karatasi za uzito anajulikana kwa mabosi, na nafasi ikitokea ndani huisikia mapema. Pengine kampuni itamsomesha, na michungwa ibaki shambani.

Tena mtahadhari na matapeli. Taasisi nyingi za umma hutangaza kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira, na kuomba huko hakuna malipo. Mtu akidai fedha ya "kumwona mkubwa" au ya sare kabla ya usaili, huyo ni mwizi, hata kama anaimba kwaya.

KWA BINTI ATAKAYEKUWA MKE NA MAMA

Wengine wameniuliza kama kazi hii inafaa kwa mwanamke mwenye nyumba. Ina faida moja kubwa: dispacha hulala kwake. Rubani na mhudumu wa ndege huweza kuamkia mji mwingine, na ujauzito huwatoa angani kwa muda. Dispacha hufanya kazi ofisini, na mimba haimzuii kusoma ramani.

Lakini kuna zamu. Ndege hazijui usiku, Jumapili wala Krismasi. Nimefanya zamu za usiku kwa miaka mingi, na najua kwamba anayeumia kwanza ni usingizi, kisha subira. Mume ajue mapema kwamba mke aliyetoka zamu asubuhi si mvivu akilala hadi saa saba mchana. Chumba kiwe na giza, simu izimwe, na mtu mwingine apike siku hiyo. Mkwe naye aelezwe kwa upole kabla hajaanza kuhesabu.

SASA, SHAMBA LIUZWE?

Kwa mama wa Kabuku na wote wenye swali kama hilo, ushauri wangu ni huu. Msiuze mwezi huu. Kwanza binti aende Dar es Salaam, afikie kwa ndugu, akaulize TCAA na vyuo maswali yale mawili na kurudi na majibu yaliyoandikwa. Pili, aandike barua kwenye kampuni tano za ndege au za huduma uwanjani akiomba kujifunza au kuanza chini. Tatu, kaeni na daftari: ada, chakula, nauli, chumba, na gharama za miezi ile ya mafunzo ya kazini, ambayo huenda asilipwe. Mali bila daftari huisha bila habari.

Majibu yakirudi mazuri, na nafasi ya siku 90 ikiwa imeandikwa, jaribuni kwanza kuuza mavuno ya msimu badala ya ardhi, au kuuza ekari moja badala ya mbili. Michungwa hiyo inawalisha pia wadogo zake watatu, nao watataka kusoma. Majibu yasipopatikana, binti asione mlango wa anga umefungwa. Atafute kwanza kazi ya uwanjani, au asomee hali ya hewa, usafirishaji au uhasibu, kisha ajaribu tena akiwa na miaka 21 na fedha yake kidogo mkononi.

Na jambo la mwisho: binti mwenyewe awepo mnapoamua. Nimeona wazazi wakikubaliana juu ya shamba usiku, na mtoto akaambiwa asubuhi. Mzigo wa ekari mbili ni mzito kwa msichana wa miaka 19, naye anapaswa kujua anabeba nini kabla hajapanda basi.

Tuonane mwezi ujao.