Reli ya Eldoret Isipewe Kampuni Moja Tena

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Mji huu ulitangazwa kuwa jiji Agosti 2024, na bado mahindi na ngano ya kaunti yake ya Uasin Gishu hupanda Timboroa na kuteremka Salgaa kwa malori. Hiyo ni aibu, na wa kulaumiwa wanajulikana.

Novemba 2006, Kenya na Uganda ziliikabidhi kampuni ya Rift Valley Railways reli yao kwa miaka 25. Wenye hisa wakuu walikuwa Sheltam ya Afrika Kusini, kisha Citadel Capital ya Misri. Shehena iliyoahidiwa haikuonekana, ada za serikali zikalimbikizwa, na mwaka 2017 Kenya ikauvunja mkataba. Lakini tusimsingizie mwekezaji peke yake. Shirika la Reli la Kenya, lililoundwa 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, lilikuwa limeacha injini na njia zichakae mikononi mwa umma.

Ulaya imeyapitia haya. Uingereza iliuza hata njia zenyewe kwa kampuni binafsi, Railtrack. Oktoba 2000 reli yenye nyufa ilikatika Hatfield, abiria wanne wakafa. Kufikia 2002 njia zilikuwa chini ya Network Rail, isiyogawia mtu faida. Italia nayo iliacha njia kwa dola, ikaruhusu kampuni binafsi ya Italo kushindana na Trenitalia ya dola kuanzia 2012, na nauli za treni za kasi zikashuka. Sisi tulichagua kibaya kuliko vyote: kampuni moja ikatunza njia, ikaendesha treni, na hakuna aliyeweza kushindana nayo.

Msimamo wetu ni huu. Njia, ardhi na stesheni zibaki mali ya umma, bila masharti. Treni za mizigo ziendeshwe na yeyote mwenye leseni, ziwe za wasagaji unga au za vyama vya ushirika, mradi alipie matumizi ya njia. Mkataba wowote usomwe na wananchi kabla ya kutiwa saini.

Lakini hakuna atakayeleta treni kwenye njia mbovu. Mpango wa reli ya kisasa (SGR) kutoka Naivasha kwenda Malaba unapitia Kisumu. Eldoret imeachwa na reli ya zamani tu. Tangu 2013 bidhaa kutoka nje zinatozwa ushuru wa maendeleo ya reli, na mkulima wa Moiben na Ziwa huulipa kila anunuapo mbolea au trekta iliyotozwa. Bajeti ijayo itenge fungu la ukarabati wa reli hiyo ya zamani kutoka Nakuru hadi Malaba, kiasi kikitajwa kwa tarakimu.