DAFTARI TUPU SI USHAHIDI WA AFYA



Serikali isiyotaka kusikia kilio huanza kwa kutowahesabu wanaolia. Hilo tulilijua katika siasa. Janga la korona lilitufunza kwamba ndivyo ilivyo hata katika maradhi.

Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa humu nchini. Baada ya hapo taifa likawa likisomewa hesabu siku baada ya siku: walioambukizwa, waliopona, waliofariki. Hatuilaumu hesabu hiyo. Ni haki ya mwananchi kuijua. Tunachouliza ni hiki: ni nani aliyetusomea hesabu ya kifua kikuu? Ya surua? Ya watoto waliopooza ghafla? Ugonjwa mmoja ulipewa kipaza sauti, mingine ikafungiwa kabatini.

Wala tusidanganywe kwamba ilikuwa imetoweka. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu ulimwenguni walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Mwenye pupa angeshangilia. Lakini mwaka uo huo vifo vya kifua kikuu viliongezeka, mara ya kwanza katika zaidi ya miaka kumi. Wagonjwa wanapungua daftarini, makaburi yanaongezeka: hiyo si afya, ni upofu.

Upofu huo una chanzo. Ugonjwa huonekana tu pale mnyororo mzima unaposhikamana: mgonjwa afike zahanati, mhudumu amshuku, makohozi yapimwe, jina liandikwe, taarifa ifike kaunti na wizarani. Mwaka 2020 mnyororo huo ulilegea kila pete. Kafyu ilizuia safari. Mwenye kukohoa alijificha kwa hofu ya karantini, ambayo hapo mwanzo watu walitozwa gharama yake. Mashine za kupima kifua kikuu zikatumiwa kupima korona, na wahudumu wakahamishiwa huko huko.

Wako watakaosema kwamba barakoa na kufungwa kwa shule vilizuia maambukizi mengine pia. Mna ukweli humo. Mafua yalipungua mno. Lakini tazameni surua. Visa vilivyoripotiwa duniani vilishuka mwaka 2020, huku watoto wachanga wapatao milioni 22 wakikosa dozi ya kwanza ya chanjo, na sampuli zilizopelekwa maabara zikiwa chache kuliko mwaka wowote katika zaidi ya miaka kumi. Asiyepima ataapaje kwamba ugonjwa haupo?

Wapiganaji wa polio wana kanuni ambayo watawala wangepaswa kuikariri. Katika kila watoto 100,000 walio chini ya miaka 15, lazima kila mwaka apatikane angalau mmoja aliyepooza ghafla kwa sababu isiyo polio. Asipopatikana, hawasemi nchi ni salama. Husema nchi haitafuti. Ni kutafuta kulikofichua, mwaka 2018, virusi vya polio vilivyotokana na chanjo katika maji taka ya Kamukunji, Nairobi.

Wala tusiambiwe hapakuwa na fedha. Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alitilia shaka matumizi ya shilingi bilioni 7.8 katika KEMSA, shirika lililokabidhiwa ununuzi wa vifaa vya janga hilo hilo.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya afya. Kifungu cha 35 kinaiamuru Dola itangaze habari muhimu zinazoligusa taifa. Basi twadai mambo matatu. Kwanza, hesabu za magonjwa yote ya kuambukiza zitangazwe kwa kila kaunti, janga liwepo lisiwepo. Pili, fedha na watumishi wa kufuatilia magonjwa wasihamishwe kila hofu mpya inapozuka. Tatu, palipokosekana taarifa pasemwe wazi kwamba zimekosekana, pasiandikwe sufuri.

Nasi tusingoje Nairobi. Bajeti ya kaunti inapojadiliwa, tuulize ni kiasi gani kimetengwa kwa kazi hii. Viongozi wa makanisa, ulizeni katika zahanati zenu ni watoto wangapi waliokosa chanjo na ni wagonjwa wangapi walioacha dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na dola inayoficha maradhi huwaumbua raia wake kwanza.