"Harambee" si amri ya kuvutia mnyororo

Hivi majuzi, nilipokuwa Diani kwa mapumziko mafupi, nilipita penye jengo linalojengwa nikawaona mafundi wakishusha jenereta kutoka kwenye lori. Walikuwa wametundika roda ya mnyororo, ile inayovutwa kwa mkono, kwenye boriti tatu zilizofungwa pamoja kileleni. Kijana aliyekuwa akivuta alishindwa. Akaongezewa wa pili, kisha wa tatu, na msimamizi akapaza sauti: "Harambee!" Jenereta ikainuka kidogo, kulabu ikafunuka mdomo, na mzigo wote ukaanguka kwa kishindo. Kwa bahati, hapana aliyeumia.

Nilijitambulisha kuwa mwalimu, nikamwuliza msimamizi yule uzito wa jenereta. "Ni mzigo wa watu wanane, mwalimu," akanijibu bila kusita. Juu ya roda palikuwa na kibao kidogo cha chuma chenye herufi tatu za Kiingereza, SWL, na tarakimu 500. Wote walikuwa wamekiona kibao hicho. Hapana aliyeelezwa maana yake.

Jibu la msimamizi halikuwa la kijinga hata kidogo. Mzigo unapobebwa mabegani, kila mtu anayeongezwa humpunguzia mwenzake uzito. Ndipo likapatikana neno "harambee", mwito wa wapagazi na wavutaji wa pwani kabla Jomo Kenyatta hajaufanya wito wa taifa mwaka 1963. Mabaharia nao wana elimu yao ya kuinua mizigo: henza hushika foromali, na jarari hupita kati ya gofia na abedari iliyo sitahani, na wote huvuta kwa sauti moja.

Lakini roda ya mnyororo ina desturi nyingine kabisa. Ndani yake mna magurudumu ya meno yanayozidisha nguvu ya mkono, na imeundwa ili mtu mmoja aweze kuinua peke yake uzito ulioandikwa juu yake. Mtu huyo akishindwa, basi ama mzigo umepita kiasi, ama pana kitu kilichokwama. Anapoongezwa mtu wa pili mzigo haugawanyiki. Nguvu zote huteremkia kulabu ile ile moja. Kwa maneno mengine, mwito uliowajenga wazee wetu ndio unaoweza kumwua mjukuu wao.

Walimu wa hesabu watapata hapa mfano bora kuliko mingi iliyomo vitabuni. Mzigo ukifungwa kwa kamba yenye pande mbili, na pande hizo zikatanuka hadi pembe ya nyuzi 120 baina yao, kila upande hubeba nguvu iliyo sawa na uzito wote wa mzigo, kana kwamba mwenzake hayupo. Fundi asiyejua hili hudhani amegawanya mzigo nusu kwa nusu.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka minyororo, kamba na vifaa vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau mara moja kila miezi sita, na jedwali la uzito vinaoruhusiwa kubeba libandikwe mahali panapoonekana. Swali langu ni la mwanaisimu: libandikwe kwa lugha gani? Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya saba, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo ni nadra kuona katika majengo ya Kwale kibao cha roda kilichoandikwa kwa Kiswahili, sembuse Kidigo.

Na lawama hii sisi wa vyuo vikuu hatuwezi kuikwepa. Tumebuni istilahi za fonimu na mofimu, tukagombana juu yake makongamanoni, ilhali kwa zile herufi tatu za chumani hatujakubaliana hata neno moja. "Uzito salama wa kufanyia kazi" ni tafsiri sahihi, lakini nani atalitamka hilo huku mzigo unaning'inia? Mimi napendekeza "kikomo", neno fupi ambalo kila mtu analo tayari. Kikomo kilo 500. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wakipewa kazi ya kukusanya maneno ya mafundi wa Msambweni na mabaharia wa Shimoni, huenda wakaniletea jingine lililo bora, nami nitaliacha langu bila kinyongo.

Wapo watakaosema kwamba fundi ajifunze Kiingereza. Ajifunze, kwa nini asijifunze? Lakini jenereta haitamngoja amalize masomo.

Msimamizi wa Diani aliniuliza apaze sauti gani badala ya "harambee". Nilimwambia kwamba kwenye roda ile amri inayotakiwa kujulikana na kila mtu ni "Simama!", na yeyote aonaye hatari aweze kuitoa, hata kibarua aliyeajiriwa asubuhi ile. Alicheka, lakini aliikubali. Jenereta ilishushwa jioni kwa roda kubwa zaidi iliyoazimwa Ukunda. Nayo ilikuwa na kibao cha Kiingereza.