Gudroni Si ya Kamio Peke Yake

Kila mara habari inapofika parokiani ya kwamba njia fulani itatengenezwa upya, watu hupiga vigelegele. Sisi pia tunafurahi. Nani asiyechoshwa na vumbi la Agosti na matope ya Februari? Nani hajaona mgonjwa akibebwa mgongoni kwa sababu motokari imezama shimoni? Basi tusisikiwe vibaya: hatutetei mashimo. Lakini kuna neno moja la kuuliza kabla mashine hazijafika, wala si baadaye: njia hiyo inatengenezwa kwa ajili ya nani?

Ukimwuliza mkubwa wa kazi, atakujibu juu ya kamio. Atakutajia upana wa kamio, uzito wa kamio, na saa ngapi kamio itapunguza kufika mpakani. Hayo ni kweli. Sasa simama wewe mwenyewe alfajiri kando ya njia yoyote inayoingia Lubumbashi, iwe ya Kasenga, ya Kipushi au ya Likasi, ukatazame. Wa kwanza kupita si kamio. Ni watu wa makala wanaosukuma kinga zao. Nyuma yao mama wenye mabeseni ya sombe na mihogo kichwani, na mtoto mgongoni. Halafu wanafunzi, makundi makundi, wakubwa wamewashika wadogo mkono. Halafu mafundi, walinzi wa usiku wanaorudi nyumbani, wazee wenye fimbo, na piki zilizobeba watu wawili watatu. Njia imekwisha kujaa kabla motokari ya kwanza haijapiga honi. Ndipo kamio inapokuja, na wote wanatawanyika majanini kama kuku.

Tumtazame vizuri huyu mtu wa makala, maana yeye ndiye anayelaumiwa kuliko wote. Kinga yake imebeba magunia matatu, pengine manne, yamepangwa kupita kichwa chake. Hawezi kuipanda, anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia. Upande wa mzigo haoni kitu. Akisikia honi nyuma hawezi kugeuka, wala hawezi kusimama ghafula. Na akitoka kwenye gudroni ndipo msiba wake unapoanza, kwa sababu ukingo umekatika na chini yake kuna kina cha shibiri moja. Gurudumu linaanguka, mzigo unalala, na kuuinua tena peke yake ni kazi ya nusu saa. Kwa hiyo anabaki juu ya gudroni, na shoferi anamtukana. (Habari ya miti inayokwisha kwa ajili ya makala ni shauri lingine, linastahili kurasa zake. Lakini anayemtukana mtu wa makala asubuhi akumbuke ni moto gani uliopika bukari yake jana usiku umeme ulipokatika.)

Wako ndugu zetu, hasa wale waliokwisha kupata motokari, wanaosema: watu hao ni wazembe, wanatembea katikati ya njia kama ng'ombe, na kinga za makala zikatazwe kabisa kwenye barabara kuu. Tuwajibu bila hasira. Mtu hutembea mahali panapopitika. Mwamwambia apite kando. Haya, mwonyesheni kando. Wakati wa mvua kando ni mfereji, wakati wa jua kando ni majani marefu kuliko mtoto, na penye soko kando ni meza ya nyanya. Huyo mnayemwita mzembe amefanya hesabu yake kama ninyi mlivyofanya yenu. Tofauti ni kwamba hesabu ikikosewa, yeye hupoteza uhai, nanyi hupoteza taa ya mbele.

Tena, nani aliyewaweka watu hawa kandokando ya barabara? Vijana hawajui, lakini wazee wanajua. Zamani vijiji vingi vilikaa karibu na mito na mashamba yao. Utawala wa Wabelgiji, zaidi katika miaka ya 1920 na 1930, ndio uliovihamisha na kuvipanga mistari miwili kando ya njia, ili kodi ikusanywe upesi, watu wahesabiwe upesi, na kila kijiji kitunze kipande chake cha njia kwa majembe yake. Babu zetu walizilima njia hizi wakati wao wenyewe hawana gurudumu hata moja. Katika siku za Mobutu watu walirudi tena na majembe, kwa jina la salongo. Leo anakuja mtu na chombo chake cha kupimia, anawaambia wajukuu wa wale waliolima ya kwamba wanaizuia njia!

Wengine husema: ngojeni gudroni ifike, hatari itakwisha yenyewe. Mambo yanayoonekana kwa macho ni kinyume. Itazameni barabara ya kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa. Ni njia ya shaba na kobalti. Huko kamio zinavuka kuingia Zambia, na kutoka hapo zinaelekea bandari za Dar es Salaam, Beira, Durban au Walvis Bay. Ina gudroni, na ukiipita na motokari unalipa. Kwenye njia ya mashimo kamio yenye tani 30 huenda mwendo wa mtu anayekimbia. Mashimo yenyewe ndiyo askari wa barabara, na ni askari asiyeomba kitu. Ukiyaziba bila kuweka kingine mahali pake, umemfukuza askari huyo. Motokari inayokwenda kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 kila sekunde. Shoferi akistuka tu, kabla mguu wake haujagusa breki, amekwisha kupita nyumba mbili. Na mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili bali mara nne. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Ni kweli, hajikwai. Hugongwa.

Jambo jingine dogo, ambalo wenye kuchora ramani za barabara hawalifikiri kwa kuwa hawapandi taksi-basi. Sheria yetu inaamuru kupita upande wa kuume. Lakini motokari nyingi za Katanga zimetoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, na usukani wake uko kuume. Shoferi anayetaka kuipita kamio haoni mbele mpaka amekwisha kutoa nusu ya motokari yake. Na ile taksi-basi, kama haikugeuzwa, mlango wake uko kushoto. Maana yake nini? Mama anayeshuka na beseni lake hashuki kando ya njia. Anashuka katikati, mbele ya anayekuja. Kama hakuna mahali palipotengwa pa kusimama, penye nafasi ya kutosha, gudroni mpya itamfanya ashuke vilevile, ila sasa mbele ya motokari zenye kukimbia zaidi.

Msidhani ni shida ya kwetu tu. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu ya kuwa mwaka 2021 watu karibu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani pote, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki. Tangu 2010 hesabu ya dunia ilipungua kidogo. Ya Afrika ilipanda. Na Afrika ndiyo yenye motokari chache.

Sasa utakuja ule wimbo wa zamani: hakuna feza. Gudroni yenyewe ni ghali, wanasema, mnataka tena njia ya miguu? Hapo tunaomba watu wasidanganywe. Mfuko wa kutunza barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, nao hulishwa na kodi iliyomo katika bei ya mafuta, pamoja na malipo ya vizuizi vya njiani. Nani hulipa? Kamio hulipa kwenye kizuizi, kisha mwenye kamio huongeza bei ya gunia la unga, na mama asiyepanda motokari mwaka mzima hulipa sokoni. Naye ni mwenye barabara. Haombi zawadi, anadai fungu lake. Mwaka 2015 mji wa Nairobi ulikubali mpango wa kutenga sehemu ya tano ya feza za usafiri kwa ajili ya wenye miguu na wenye baiskeli. Kuandika si kutimiza, hilo twalijua. Lakini kilichoandikwa chaweza kudaiwa, na kisichoandikwa hakidaiwi.

Wala tunayoyadai si makubwa. Mfereji wa maji utachimbwa vyovyote, maana gudroni isiyo na mfereji haimalizi mvua mbili. Basi kwenye vijiji mfereji ujengwe kwa simenti na ufunikwe vibamba. Juu ya vibamba hivyo watu watatembea miguu mikavu, na mfereji wenyewe hautajaa takataka. Kwa kinga, gudroni iongezwe meta moja na nusu kila upande, iwe sawa na njia bila ngazi wala changarawe, ikatengwa kwa mstari mweupe mpana. Tunasisitiza: iwe gudroni. Ukimpa mwenye makala changarawe atarudi kwenye njia ya kamio siku ileile, na mtasema tena ni mzembe. Penye masomo, penye soko, penye kanisa na penye zahanati, pawe na matuta ya kupunguza mwendo, mawili kila upande, na kibao cha kilometa 30. Matuta yajengwe na wenye kujenga barabara, yenye kipimo na rangi. Yasipojengwa, wanakijiji watajenga yao wenyewe kwa udongo na mawe usiku ule mtoto wa kwanza atakapogongwa, na piki zitaangukia juu yake gizani.

Na sisi wenyewe je? Tusiwe watu wa kuwasema wakubwa tu. Njia ya miguu ikijengwa, wa kwanza kuifunga atakuwa mmoja wetu, na meza yake ya vocha na mkaango wake wa mikate. Juma la pili atakuja wa pili. Tumeona vibamba vya mifereji mjini vikigeuka maduka, na watu wakirudi kutembea juu ya gudroni. Mihogo inaanikwa juu ya barabara kwa sababu inakauka upesi, halafu mtoto anatumwa kuigeuza. Nyumba inasogezwa mbele kila inapotengenezwa, mpaka kizingiti chake kimefika mferejini. Soko la njiani lirudishwe nyuma hatua ishirini, na wazee wa kijiji wakubaliane juu ya jambo hilo kabla mashine hazijafika, siyo baada ya askari kuja kuvunja. Tusipofanya hivyo, wakubwa watakuwa na jibu tayari.

Kuna kazi moja inayoweza kuanza juma hili, nayo haina gharama. Wenye kutengeneza barabara hupenda hesabu, lakini mara nyingi huhesabu magurudumu yenye moto peke yake. Basi tuwaletee hesabu nyingine. Katika kila kituo kilicho kando ya njia, watu wawili wenye kujua kuandika wakae siku mbili, moja ya soko na moja ya kawaida, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Daftari ligawanywe safu tano: watu wa miguu, kinga, piki, motokari, kamio. Kila apitaye awekewe alama moja. Watoto wa masomo wapewe alama ya mviringo ili wajulikane. Mwisho wa siku mkubwa wa kijiji atie sahihi. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe kwa mkubwa wa eneo, na ya tatu itunzwe kwa ajili ya yule mwenye chombo cha kupimia. Afadhali ifanyike sasa, kabla ya mvua za Novemba, maana mvua zikianza nusu ya watu wa kuhesabiwa watakuwa wamepita porini.