Mafuta Yanayotaka Uvue Pete



Juma hili tuzungumze habari ya kujipamba. Wengine watasema si jambo la gazeti la Kanisa, nami sitajifanya mtawa. Kabla ya Misa nanawa uso kwa sabuni ya kawaida, najipaka mafuta ya nazi, natia wanja machoni, kisha poda kidogo puani na kwenye paji la uso, maana joto la huku Kisanga halina huruma. Nywele zimekwisha sukwa tangu Jumamosi. Kazi yote haizidi muda wa uji kuchemka. Nikitoka najiona mtu. Mzee wangu husema haoni tofauti, lakini siku nisipotia wanja huniuliza kama naumwa.

Ila poda hunitia mawazo. Nyingi ziuzwazo gulioni ni nyeupe kuliko uso wa mnunuzi. Aliyezitengeneza hakumfikiria mwanamke wa Kilosa. Mimi huipangusa hata isionekane. Wako lakini wasioridhika na poda ifutikayo. Wataka ngozi yenyewe ibadilike, ndipo hununua mafuta ya kujichubua.

Jambo hili si geni. Mwaka 1968 Vijana wa TANU waliazimia kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia, nguo za kubana na mafuta hayo, na Operesheni Vijana ikaanza Dar es Salaam Januari 1969. Hata kabla haijaanza, wasichana walikwisha sumbuliwa Kariakoo kwa ajili ya mavazi yao. Sipendi njia ile. Msichana aliyeaibishwa mbele ya watu hujifunza kujificha tu.

Wala tusiseme kusifu weupe kumeletwa na Wazungu peke yao. Bibi zetu wa Kiluguru na Kizaramo walimweka mwali ndani miezi mingi, na alipotolewa ngozi yake imetakata kwa kukosa jua, watu wakamsifu. Lakini hakuna kilichochubuliwa. Akarudi shambani, jua likamrudishia rangi yake.

Mafuta ya siku hizi hayana upole huo. Ngozi yetu hutengeneza rangi yake, nayo ndiyo mwavuli wetu wa jua. Zebaki na hidrokwinoni huzuia kazi hiyo, na mwavuli ukiondoka, jua la palizi lachoma kweli. Hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuleta mashavuni madoa meusi yenye rangi ya samawati, yasiyotoka kwa urahisi: mtu amekimbia weusi, akaupata mbaya zaidi. Mengine yametiwa dawa kali za jamii ya steroidi, kama klobetasoli, ambazo daktari huzitoa kwa maradhi ya ngozi na kwa muda mfupi. Hizo huifanya ngozi kuwa nyembamba na vidonda kuchelewa kupona. Fikiri basi mama aliyepasuliwa wakati wa kujifungua. Zebaki ndiyo inayonitisha kuliko zote. Hupenya ngozi, huharibu mafigo, humfikia mtoto tumboni, na mvuke wake huwapata hata watu wa nyumbani wasiojipaka kamwe.

Nchi nyingi zimo katika Mkataba wa Minamata, uliotiwa sahihi Japani mwaka 2013 ili kuipunguza zebaki duniani. Hapa kwetu kazi ya kukagua vipodozi ni ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila gulio, basi jikague mwenyewe. Chupa isiyoandikwa vitu vilivyomo, iache. Ukiona neno mercury, mercurio au calomel, iache. Iko na dalili nyingine nyepesi: maelezo yakionya kwamba mafuta yasiguse dhahabu, fedha, mpira wala alumini, yaelekea yana zebaki. Ni mafuta gani haya, yanayomtaka mama avue pete ya ndoa kabla ya kujipaka?

Na wewe uliyekwisha anza, usione haya. Chukua chupa, nenda zahanati, uwaonyeshe. Usiache ghafula yale yenye steroidi kabla ya kupewa shauri, kwa maana ngozi yaweza kuchafuka zaidi.

Sasa nataka tuseme habari ya vinywa vyetu. Mtoto akizaliwa, twamtazama masikio kwanza, ati tujue rangi atakayokuwa nayo. Akiwa maji ya kunde twasema, “Mzuri huyu!” Akiwa mweusi twasema, “Mweusi, lakini mzuri.” Hilo “lakini” binti amelisikia miaka kumi na mitano kabla ya kwenda kununua chupa, tena hakulisikia kwa mchuuzi.

Katika Wimbo Ulio Bora yumo bibi mmoja anayejisifu kuwa ni mweusi na ni mzuri. Aeleza kwamba jua limemwunguza kwa sababu ndugu zake walimweka kulinda mashamba ya mizabibu. Tafsiri nyingi hutia “lakini” katikati ya weusi wake na uzuri wake. Wanaojua Kiebrania wasema kineno kile kidogo chaweza kusomwa “na” vilevile.